Gunia la omena Busia ni kipimo cha afya ya ziwa

Samaki anayepimwa kwa gorogoro sokoni Busia ana majina matatu: omena kwa Mkenya, mukene kwa Mganda, dagaa kwa Mtanzania. Leo ndiye anayeongoza kwa uzito wa samaki wanaovuliwa Ziwa Victoria. Magunia yake yanavuka mpaka kila siku, na mwenye kipato kidogo anamudu bei. Lakini omena ametawala kwa sababu wengi waliokuwa naye hawapo tena.

Hadi miaka ya 1970, samaki wengi ziwani walikuwa furu, wa mamia ya aina. Wapo waliokula konokono, wengine mimea midogo inayoelea majini, wengine mabaki yaliyotua chini. Sangara, ambaye Kenya ni mbuta na Uganda ni mputa, aliingizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi. Alileta viwanda vya minofu na fedha za kigeni, huku aina nyingi za furu zikitoweka.

Sangara hakuharibu peke yake. Mvua ilishusha udongo na mbolea ya mashambani, miji ikamwaga majitaka. Mimea midogo ikashiba na kugeuza maji kuwa ya kijani. Inapokufa huoza chini, na kuoza huko humaliza oksijeni ambayo samaki wanavuta. Katika miaka ya 1990 magugu maji nayo yakaziba mialo.

Baharini pia samaki wanapoteza makazi. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi liliyapausha matumbawe ya pwani ya Kenya, na mengi yakafa. Matumbawe ni maficho na malezi ya samaki wa maji mafupi. Huku bara, kazi hiyo inafanywa na mafunjo ya vinamasi, ambayo pia huchuja udongo kabla haujafika ziwani.

Vinamasi hivyo viko mlangoni kwa wafanyabiashara. Vya Sio-Siteko vimekaa pande zote mbili za mpaka, pale Mto Sio unapoelekea Ziwa Victoria. Upande wa Tororo, Mto Malaba unaingia Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga, ambalo kina chake ni mita chache tu. Mafunjo yakifyekwa kwa ajili ya mpunga, kilimo kinapata shamba na mvuvi anapoteza kitalu cha samaki.

Kenya, Uganda na Tanzania zilianzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria mwaka 1994, makao yake yakiwa Jinja. Kanuni zinakataza sangara wa chini ya sentimita 50, kwa kuwa wengi wa ukubwa huo hawajazaa. Doria zinafanyika majini, ila samaki mchanga huvuliwa kwa sababu ana mnunuzi.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani ana nguvu. Akikataa mzigo wa samaki wachanga leo, faida ya siku moja inapungua. Akiupokea, anauza mtaji wa msimu ujao, na ziwa likikauka samaki hakuna kituo cha mpakani kitakachokuwa na mzigo wa kuvusha.