Ruhusa ya jimbo haivuki mto

Mji wa Ontario, jimboni Oregon, umekaa kando ya Mto Snake, na ng'ambo ya mto ni jimbo la Idaho. Kutoka Boise, ambako familia nyingi za wakimbizi wa Kongo zimepewa makazi na Kiswahili kinasikika, ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Oregon ilihalalisha bangi kwa kura Novemba 2014, na Ontario ina maduka yenye leseni. Mtu mwenye umri wa miaka 21 au zaidi anaonyesha kitambulisho mlangoni, anahudumiwa, analipa kodi na kupewa risiti. Akivuka daraja kurudi Idaho na mfuko uleule, ukiwa bado umefungwa, ameshakuwa mtuhumiwa. Idaho haina ruhusa ya aina yoyote, hata kwa wagonjwa: kukutwa na bangi isiyozidi wakia tatu (wakia moja ni gramu 28 hivi) kunaweza kumfunga mtu hadi mwaka mmoja na kumtoza faini hadi dola 1,000. Ikizidi hapo, kifungo kinaweza kufika miaka mitano. Ile risiti aliyoitunza kama kinga itakuwa ushahidi dhidi yake. Na kwa kule kuvusha bangi kutoka jimbo moja hadi jingine, amevunja pia sheria ya serikali kuu, ambayo ingemhusu hata kama pande zote mbili za mto zingekuwa zimeihalalisha.

Ndugu walioko huko, na wazazi wao walioko Mwanza au Eldoret, huniuliza swali lilelile: si Marekani wamesharuhusu bangi? Majimbo ndiyo yaliyoruhusu. Kufikia mwisho wa 2023 yalikuwa 24 pamoja na Washington DC, na Ohio ndiyo iliyokamilisha hesabu hiyo. Serikali kuu haijamruhusu mtu yeyote kuvuta bangi kwa starehe. Sheria ya Dawa Zinazodhibitiwa ya 1970 iliiweka kwenye kundi la kwanza, pamoja na heroini, na jimbo halina uwezo wa kuifuta sheria hiyo. Linachoweza ni kufuta adhabu zake lenyewe na kuwaambia polisi wake waachane na jambo hilo. Kila unaposikia kwamba bangi ni ruksa Marekani, uliza: ni nani aliyetoa ruhusa, na mamlaka yake yanaishia wapi?

Diane Monson, mgonjwa wa California, alilipata jibu mwaka 2002. Jimbo lake lilikuwa limewaruhusu wagonjwa tangu 1996, la kwanza nchini, na yeye alikuwa na miche sita nyumbani. Polisi wa wilaya walifika, wakaangalia, wakaridhika kwamba hajavunja sheria ya California. Maofisa wa serikali kuu waliokuwa nao hawakuridhika. Baada ya mvutano wa saa kadhaa waliing'oa miche yote sita na kuiharibu. Yeye na mgonjwa mwenzake, Angel Raich, walishtaki, kesi ikafika Mahakama ya Juu, na mwaka 2005 majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba serikali kuu ina haki ya kukataza hata bangi ya mgonjwa iliyopandwa nyumbani, isiyouzwa wala kuvuka mpaka. Uamuzi huo haujatenguliwa.

Mbona basi maduka yako wazi mchana kweupe? Kwa sababu serikali kuu imeamua kufumba macho, tena kwa masharti. Tangu Desemba 2014 Bunge la Congress limekuwa likiweka kifungu kwenye bajeti kinachoizuia Wizara ya Sheria kutumia fedha zake kuingilia mipango ya majimbo ya bangi ya tiba. Kinahitaji kuhuishwa kila bajeti inapopitishwa, na hakigusi bangi ya starehe. Waraka wa 2013 uliowaelekeza waendesha mashtaka kuyaachia majimbo jambo hili ulifutwa Januari 2018. Mei 2024 wizara ilipendekeza bangi ishushwe hadi kundi la tatu, na wengi wakashangilia kana kwamba kesi imekwisha. Dawa za kundi la tatu nazo zinadhibitiwa. Kushushwa huko peke yake hakuligeuzi duka la Denver kuwa halali mbele ya serikali kuu.

Hata ndani ya majimbo yaliyoruhusu, sheria hazifanani. Minnesota, yenye Waafrika Mashariki wengi, inamruhusu mtu mzima kubeba wakia mbili akiwa nje na kupanda miche minane nyumbani, isizidi minne iliyokomaa. New Jersey inakuruhusu kuwa na wakia sita, lakini ukipanda mche mmoja ni kosa, uwe mgonjwa au usiwe. Illinois inamruhusu mkaazi gramu 30 na mgeni 15, na kupanda ni kwa wagonjwa tu. Mjini Washington DC unaweza kuwa nayo na kumpa rafiki bure, ila kuiuza kwa starehe hapana, kwa kuwa Congress imeufunga mkono mji huo. Mambo machache yanafanana karibu kila mahali: umri ni miaka 21, hakuna kuvuta barabarani kama sigara labda jimbo au mji uwe umeruhusu wazi, na mwenye nyumba ana haki ya kuikataza kwenye mkataba wa upangaji. Nyumba zinazolipiwa na ruzuku ya serikali kuu zinaongozwa na sheria ya serikali kuu. Mbuga za taifa vilevile, hata kama zimezungukwa pande zote na jimbo lililoruhusu.

Kuhusu kuendesha gari sitasema mengi: umelewa ni umelewa. Colorado na jimbo la Washington zimeweka kiwango cha nanogramu tano za THC, kemikali inayolewesha, kwa kila mililita ya damu, na mvutaji wa kila siku anaweza kukutwa juu ya hapo akiwa anajiona mzima.

Kinachonitia hofu zaidi kuliko moshi ni pipi. Colorado inadai kipande kimoja kisizidi miligramu 10 za THC na paketi ya starehe isizidi 100, lakini mgeni hula kimoja, akaona kimya, akaongeza viwili. Bangi iliyoliwa huweza kuchukua hadi saa mbili kupanda, na ikipanda hukaa. Mtoto anayeikuta juu ya meza haoni bangi, anaona pipi. Sheria nayo ina mtego wake hapo. Texas, ambako Dallas na Houston zina jamii kubwa za watu wetu, haihesabu THC iliyotolewa kwenye majani kuwa bangi ya kawaida. Majani chini ya wakia mbili ni kosa dogo, kifungo kisichozidi siku 180. Dondoo la THC, liwe kwenye sigara ya umeme au kwenye pipi, ni kosa kubwa la jinai hata likiwa chini ya gramu moja, na mizani hupima pipi nzima pamoja na sukari yake. Paketi iliyonunuliwa kwa risiti New Mexico, mlangoni kabisa pa El Paso, inaweza kuzidi gramu nne kwa urahisi, na kuanzia hapo hadi gramu 400 Texas inazungumzia kifungo cha miaka miwili hadi 20.

Wagonjwa wana njia yao, nayo ina faida. Kadi ya mgonjwa huruhusu kiasi kikubwa zaidi katika majimbo mengi, humfungulia mlango mwenye umri chini ya miaka 21, na hupunguza kodi: Colorado mnunuzi wa starehe hutozwa kodi maalumu ya asilimia 15 ambayo mgonjwa haimhusu. Lakini kadi hiyo haitokani na cheti cha dawa. Daktari wa Marekani haruhusiwi kuandika cheti cha dawa ya kundi la kwanza, kwa hiyo anachotoa ni maoni ya kitaalamu kwamba bangi inaweza kumsaidia mgonjwa wake, na jimbo ndilo linalotoa kadi. Mfamasia wa kawaida hataitambua, na bima kwa kawaida hailipi. Asiyetaka utata aulize kwanza kama zipo dawa zilizoidhinishwa kwa hali yake. Epidiolex, iliyoidhinishwa 2018 kwa aina nzito za kifafa cha watoto, hutokana na mmea huohuo na huandikwa na kuuzwa kama dawa nyingine yoyote.

Kazini, kadi inaweza isisaidie kitu. Brandon Coats wa Colorado alipooza tangu ujana wake baada ya ajali ya gari. Alikuwa akipokea simu za wateja wa kampuni ya Dish Network, na usiku, nyumbani kwake, alivuta bangi yenye kibali ili miguu iache kukakamaa. Kipimo kikaonyesha, akafukuzwa 2010. Hakuna aliyedai kwamba alikwenda kazini amelewa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Colorado iliamua dhidi yake kwa kauli moja: sheria inayomlinda mfanyakazi kwa mambo halali afanyayo nje ya kazi inahitaji yawe halali pia kwa serikali kuu. Uamuzi huo naona mchungu, ila kisheria naona vigumu kuupinga. Tangu hapo majimbo kadhaa, yakiwemo New York, New Jersey, Minnesota na California, yameweka ulinzi kwa matumizi ya nje ya kazi.

Ulinzi huo haumfikii dereva wa lori, na vijana wetu wengi huko wanakula kwa usukani. Leseni ya malori inatawaliwa na kanuni za uchukuzi za serikali kuu. Kipimo cha mkojo hakiulizi ulivuta lini. Kinatafuta mabaki, na kwa mvutaji wa mara kwa mara mabaki hukaa wiki kadhaa. Daktari anayekagua majibu haruhusiwi kuikubali kadi ya mgonjwa kama sababu. Tangu Januari 2020 majibu hayo huingia kwenye daftari moja la nchi nzima ambalo waajiri wanalazimika kulitazama, na tangu Novemba 18, 2024 jimbo linatakiwa kuiondoa daraja ya malori kwenye leseni mpaka dereva akamilishe utaratibu wa kurudishwa kazini.

Asiye raia ndiye hasa anayepaswa kusoma polepole. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu tupu, na haijali jimbo limesema nini. Inamzuia kuingia au kupata ukaazi mtu aliyetiwa hatiani kwa dawa za kulevya, na hata ambaye hajawahi kushtakiwa, ila amekiri kwa afisa kwamba alifanya vitendo vinavyounda kosa. Mtu anaweza kuulizwa kwa upole, uwanja wa ndege au kwenye usaili: umewahi kujaribu bangi? Akajibu kwa moyo mweupe, ndiyo, nilipokuwa Colorado, kule ni halali. Kukiri kuna masharti yake kisheria, na wakili anaweza kuyabishania, lakini ni heri yasifike huko. Kudanganya ni kosa jingine, mara nyingi zito zaidi. Una haki ya kusema hutajibu bila wakili, ingawa kwa mwombaji kukataa nako kunaweza kukwamisha ombi. Anayeomba viza ya kuhamia akiwa bado nyumbani hupimwa na daktari aliyeteuliwa. Akionekana ana tatizo la matumizi ya dawa za kulevya, huenda akasubiri miezi 12 ya kuthibitisha kwamba ameacha. Picha za simuni nazo husomwa, na ile uliyopiga ukicheka mbele ya duka la bangi si ya kuweka kwenye status ya WhatsApp.

Kazi ndani ya maduka hayo ni mtego mwingine. Inalipa, jimbo linaitambua, kodi inakatwa. Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji iliandika waziwazi kwamba kujihusisha na bangi, hata pale jimbo linaporuhusu, kunaweza kumwonyesha mwombaji uraia kuwa hana mwenendo mwema. Kumfungia mteja paketi kaunta ni usambazaji mbele ya sheria ile ya 1970.

Mwenye grinikadi ana nafuu moja: kosa moja tu la kukutwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe halimfanyi afukuzwe nchini. Nafuu hiyo humlinda akiwa ndani. Akisafiri kwenda kwenye msiba Kisumu au Tanga, anaporudi anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na mlango wa kuingia hauna msamaha huo wa gramu 30. Kuna ombi la kusamehewa, lakini hutolewa kwa hiari ya serikali. Mwenye rekodi ya namna hii amwone wakili wa uhamiaji kabla ya kukata tiketi. Na asifungashe pipi za bangi kwenye sanduku: sheria ya Kenya ya 1994 na ya Tanzania ya 2015 hazimjui aliyempa kadi.

Majimbo mengi yaliyohalalisha yamekuwa yakifuta rekodi za zamani za makosa ya bangi, na barua ya kufutiwa hufurahisha. Kwa uhamiaji, hukumu iliyofutwa kwa huruma ya jimbo kwa kawaida inabaki hukumu, na fomu ya uraia inauliza hata zilizofutwa. Kabla faili halijafungwa, nenda kwa karani wa mahakama ukachukue nakala zilizogongwa mhuri za mashtaka, ripoti ya polisi na hukumu. Faili likishaharibiwa, wewe ndiye utakayetakiwa kuthibitisha kwamba zilikuwa gramu 20 na si 40.