Upanga wa Moto wa Bwana Hobson

Katika bweni letu hapa Gitega yako mabishano ambayo hayajakwisha tangu muhula uliopita. Wako wasemao kwamba Bwana James Hobson, yule mhandisi wa Kanada ambaye video zake hutazamwa na watu wengi katika intaneti, ni mchezaji tu. Wengine husema ni fundi wa kweli. Mimi ni wa kundi la pili, ila ninayo lawama juu yake, nami nitaisema mahali pake. Kwanza yafaa tujue anafanya nini.

Bwana Hobson alisomea uhandisi katika jimbo la Ontario, akaajiriwa, kisha akaiacha kazi ili atengeneze vyombo tunavyoviona katika sinema na vitabu vya picha. Hataki vifanane tu na vile vya sinema; hutaka vifanye kazi. Mwaka 2014 alijivika mikono ya chuma inayosukumwa na hewa iliyoshindiliwa, kama ile ya sinema iitwayo Elysium, akainua uzito wa ratili 170, yaani kilo 77 hivi. Lakini kilichomtangaza zaidi ni upanga alioonyesha mwezi wa Oktoba 2020.

Upanga huo asili yake ni sinema ya Star Wars ya mwaka 1977. Shujaa hubonyeza kitufe, na katika mpini hutoka ulimi wa nuru wenye urefu wa mkono. Ulimi huo hukata chuma, na panga mbili zikipigana huzuiana kama fimbo. Sasa, ndugu msomaji, washa tochi usiku. Je, nuru yake hukoma mita moja mbele yako? La, huendelea mpaka ikutane na kitu. Na mwenzako akiwasha ya kwake, miali miwili hupishana kama kwamba haikuonana. Basi upanga wa nuru tupu hauwezekani, hata mtu awe na fedha nyingi kama mchanga wa pwani ya Tanganyika. Bwana Hobson alilijua hilo, akabadili swali: ni kitu gani king'aacho, chenye joto la kukata chuma, na chenye mwisho? Moto.

Lakini moto wa kuni huyumba huku na huku, na upanga hauna budi kunyoka. Siri yake utaiona bombani. Ukilifungua kidogo, maji hushuka kama uzi wa kioo. Ukilifungua sana, huvurugika na kurukaruka. Gesi nayo ni vivyo hivyo. Bwana Hobson alitumia midomo ya kuchomea ya mafundi wa kioo, ambayo huitoa gesi katika mkondo mtulivu, ulionyoka. Gesi yenyewe ni ya jamii ile ile ya kupikia, nayo huchanganywa na oksijeni safi. Wenye kupita karibu na mafundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini wamekwisha kumwona ndugu yake upanga huu: mitungi miwili, mipira miwili, na ulimi mdogo wa buluu. Joto la upanga lilifika yapata digrii 2,200 za Selsiasi, na chuma cha pua huyeyuka karibu na digrii 1,500. Kwa hiyo ulikata mabamba ya chuma kweli, ingawa kwa kungoja kidogo, si kwa pigo moja kama katika sinema.

Rangi zake ndizo zilizonifurahisha mimi kuliko yote, kwa kuwa ni kemia tuisomayo darasani. Chumvi ya chakula ikimwagika jikoni juu ya makaa, mwali hugeuka manjano. Ni kwa sababu elektroni za sodiamu hupandishwa na joto, na zinaporudi mahali pake hutoa nuru ya manjano. Strontiamu hutoa nyekundu, na asidi ya boriki hutoa kijani. Bwana Hobson alibadili chumvi tu, upanga ukabadilika rangi.

Liko jambo ambalo watu wa sinema hawalijali hata kidogo, nalo ni mahali pa kuweka nguvu. Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa yapata kilowati-saa 12 au zaidi, na hizo ni sawa na betri zaidi ya 600 za simu. Betri za namna hiyo hazingeingia katika mpini wa kushikwa mkononi; wala gesi na oksijeni ya kutosha haziingii. Ndiyo maana fundi wetu alibeba mitungi mgongoni, na mipira ikaja hata mkononi. Wapinzani wangu huucheka mfuko ule wa mgongoni. Mimi naona ndio sehemu ya kweli kupita zote, na mwenyewe hakuuficha. Tena panga mbili za namna hii zikikutana hazizuiani. Moto hupita katika moto. (Wadogo zetu wa Muyinga na wasijaribu lolote kwa mtungi wa gesi. Oksijeni safi huligeuza kosa dogo kuwa kifo.)

Wasemao kuwa huu ni mchezo wamkumbuke Robert Goddard wa Marekani. Mwaka 1898, akiwa kijana wa miaka 16, alisoma hadithi ya H. G. Wells ya watu watokao sayari ya Mirihi, akaanza kuwaza safari za angani. Tarehe 16 Machi 1926 alirusha roketi ya kwanza ya mafuta maji, iliyotumia petroli na oksijeni iliyogandamizwa kwa baridi hata ikawa maji. Iliruka sekunde mbili na nusu, ikapanda mita 12 hivi, ikaanguka katika shamba la kabeji. Aliyekuwapo siku ile angaliweza kucheka pia.

Sasa lawama yangu. Upanga wa moto haumsaidii mtu aliyechoka. Jirani zetu wa Kongo walipata mhandisi aliyechagua vingine. Mama Thérèse Izay Kirongozi (na jina hilo kwa Kiswahili cha zamani ni mwenye kuonyesha njia!) alichukua roboti, kiumbe cha sinema, akaisimamisha katika njia panda za Kinshasa mwaka 2013 kuongoza motokaa. Zilikuwa za alumini, ndefu kupita mtu, zikila nguvu ya jua, zikigeuza kifua na kuwasha taa nyekundu na kijani. Na roboti haipokei kitu kidogo kutoka kwa dereva.

Kwa hiyo katika kazi za Bwana Hobson mimi naitamani mikono ile ya hewa kuliko upanga. Kila nisafiripo kutoka Muyinga kuja Gitega kwa njia ya Karuzi, nawaona wanaume wakisukuma baiskeli zenye mikungu ya ndizi katika mlima, shingo zimekakamaa. Nimepiga hesabu. Mzigo wa kilo 100, mtu wa kilo 60 na baiskeli ya kilo 20 vikiteremka mita 100 hutoa jouli 176,000, nazo hazifiki betri tatu za simu. Ni kidogo, lakini ndicho kiasi hasa kitakiwacho kupanda mita 100 za kilima kifuatacho, nacho leo huishia katika breki. Je, pampu iliyofungwa gurudumuni isingeweza kuishindilia hewa wakati wa kuteremka, na hewa ile ikamsukuma mtu wakati wa kupanda? Taabu ni kwamba hewa ikishindiliwa hupata moto, kama ajuavyo kila aliyejaza gurudumu kwa mkono, na joto hilo hupotea. Nusu ikibaki, nitaridhika. Kama yuko mwanafunzi wa zamani aliyefanya kazi na mitambo ya hewa, tafadhali atuandikie katika gazeti hili, atueleze ni mtungi wa ukubwa gani ungetosha, na uzito wake ni kilo ngapi.