Kabla ya Kuchapa Kitabu cha Nyimbo, Tuulize Jina la Mtunzi



Ndugu msomaji, kwaya nyingi za parokia na vigango vya Bukoba na Muleba zina daftari moja linalotunzwa na mwalimu wa kwaya. Limeshonwa upya mara mbili, na solfa zake zimeandikwa kwa kalamu ya bluu. Mwalimu akihama au akifariki, daftari huondoka naye. Ndiyo maana sisi, mafrateri wachache pamoja na wanakwaya wa hapa Kibeta, tuliamua kukusanya nyimbo zetu katika kitabu kimoja, tukichape wenyewe, na marafiki wa kwaya watuchoree picha. Tunaeleza hapa hatua tulizopitia na kosa tulilofanya, ili wengine wasilirudie.

Kuchagua na kupanga

Tulianza kwa kupanga nyimbo kufuata Misa: mwanzo, matoleo, komunyo, shukrani. Kisha zikaja za vipindi, yaani Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka. Kila wimbo tuliuimba kabla ya kuuandika, kwa kuwa daftari husema hivi na midomo ya waimbaji husema vingine. Maneno tuliyapima kwa mwongozo wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 121, inataka maneno ya nyimbo takatifu yapatane na mafundisho ya Kanisa, na yachotwe hasa katika Maandiko Matakatifu na liturujia yenyewe. Nyimbo mbili tamu sana tuliziacha kwa sababu hiyo.

Picha za marafiki

Tuliomba picha katika jumuiya ndogondogo na kwa wapenzi wa kwaya walio mbali. Zilikuja nyingi: msonge, migomba, mtumbwi ziwani, Mama Maria amejifunga kitenge. Wengine waliuliza kama inafaa. Tuliwakumbusha kanisa la Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement aliingiza ngoma na alama za Wasukuma ndani ya nyumba ya Mungu. Namba 119 ya hati ile ile inataka muziki wa asili wa watu upewe heshima yake katika ibada. Tuliona picha nazo zinaweza kufuata roho hiyo.

Tulijifunza mambo matatu. Kwanza, picha moja mwanzoni mwa kila sehemu inatosha. Ikiwekwa kwenye kila wimbo, noti zinabanwa na gharama inapanda. Pili, mchoro wa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe unachapika vizuri kuliko wa penseli au wa rangi. Tatu, picha iliyopigwa kwa simu na kutumwa WhatsApp hupungua ubora. Ni heri kuomba karatasi yenyewe na kuiskani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi.

Kila mchoraji alitia sahihi karatasi fupi yenye maelezo haya: jina lake litaandikwaje, nakala ngapi zitachapwa, kama zitauzwa, na kama kitabu kitasambazwa pia kwa simu. Kwa mtoto, mzazi alitia sahihi. Picha za kuchukua tu kwenye intaneti tulizikataa, maana nazo zina wenyewe.

Kosa letu

Kwa wachoraji tulikuwa waangalifu. Kwa watunzi wa nyimbo tulizembea. Tulichapa nakala kumi za majaribio, na chini ya wimbo mmoja wa matoleo ambao kila mtu hapa anaujua tukaandika: “Mtunzi hajulikani.”

Jumapili iliyofuata mama mmoja mzee alitusubiri nje ya kanisa, nakala mkononi. Hakugomba. Alisema, “Wanangu, mtunzi anajulikana. Ni baba wa watoto wangu. Aliutunga mwaka tuliomzika mtoto wetu wa kwanza, akiwa katekista kigangoni.”

Tulimfuata nyumbani, akatutolea daftari la marehemu. Wimbo ulikuwa na ubeti wa tatu ambao hatujawahi kuuimba. Katika ubeti huo baba anamtolea Mungu mtoto wake. Sisi kwa miaka yote tulikuwa tukiishia kwenye ndizi na kahawa.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutajwa jina lake, na haki zake hazifi siku anapozikwa. Lakini hata bila sheria, tulikuwa tumemnyima marehemu jina lake mbele ya mjane wake. Padre Stephen Mbunga alitunga Misa Baba Yetu kabla ya Mtaguso kufunguliwa mwaka 1962, na hadi leo tunamtaja kwa sababu jina lake liliandikwa. Katekista wa kigango anastahili vivyo hivyo.

Tulirudi nyuma, tukapita nyumba kwa nyumba. Sasa maneno “mtunzi hajulikani” huandikwa tu baada ya kuwauliza wazee watatu wa vigango tofauti.

Ruhusa na uchapaji

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 826, inaelekeza kwamba vitabu vya sala vya waamini visichapishwe bila ruhusa ya Askofu wa mahali. Sisi tulipeleka rasimu kwa Paroko mapema, kabla ya kulipa hata shilingi moja, naye akatuelekeza jimboni. Masahihisho ni rahisi yakiwa bado kwenye rasimu.

Kwa uchapaji, karatasi moja ya A4 ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne za A5. Kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne: kurasa 64 ni karatasi 16, zinazobanwa kwa pini katikati. Tuliacha kurasa mbili tupu mwishoni kwa ajili ya nyimbo na majina tutakayoletewa baadaye.

Ndugu mwanakwaya, ukitaka kuanza, usianzie kwa mchapaji. Anzia kwa wazee wa kigango chako. Sisi jina la katekista yule sasa tumeliandika chini ya wimbo wake, na ubeti wa tatu kwaya imeanza kuuimba. Mama yule hukaa benchi la pili, na tukifika hapo husimama.