Mchezaji wa Njia Mbili

Wamarekani wana mpira wao, nao si huu wetu wa miguu. Una ncha mbili, hushikwa mikononi, na kila upande una watu 11. Kiongozi wao huurusha kwa mwenziwe aliye mbele. Wachache huweza pia kukimbia nao wenyewe, ijapokuwa watu wazito huwarukia; basi adui hajui azuie lipi.

Ndivyo alivyokuwa Tim Tebow, mwana wa wamisionari, aliyezaliwa Ufilipino mwaka 1987. Alicheza katika Chuo Kikuu cha Florida. Mwaka 2007 akapewa Heisman, tuzo kuu ya wachezaji wa vyuo. Kabla yake hakuna mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeipata.

Hata Septemba 2008 chuo chake kikashindwa nyumbani na Mississippi, 31 kwa 30. Mwishoni Tebow alitaka kupenya mwenyewe, yadi moja tu, akazuiwa. Akasimama mbele ya waandishi wa magazeti, machozi yakimlengalenga, akaomba radhi, akaahidi kwamba hawataona mchezaji atakayejitahidi kumpita yeye. Tangu siku ile hawakushindwa tena katika mashindano yale, na Januari 2009 wakaishinda Oklahoma, 24 kwa 14, wakawa mabingwa wa nchi. Maneno ya ahadi yake yamechorwa kwenye bamba nje ya uwanja wa Florida.