Nailoni Juu ya Sufuria

Wali ukikaribia kuiva nyumbani kwako, sufuria hufunikwa kwa nini? Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini hapa Munanila nailoni ingali jikoni, nayo migomba imezunguka nyumba!

Plastiki hutiwa dawa, nyingine za kuilainisha, nyingine za kuigumisha. Joto na mafuta huzitoa zikaingia katika chakula. Mojawapo ni bisfenoli, itumikayo katika plastiki ngumu ing'aayo kama kioo. Mwaka 1936, huko London, ilionekana kwamba yaweza kuiga homoni ya kike, ile iongozayo siku za mwezi na kuandaa tumbo la uzazi. Mwaka 2011 nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza katika chupa za kunyonyeshea watoto.

Sisemi kwamba kikombe cha plastiki humfanya mwanamke kuwa tasa. Hilo halijathibitishwa, wala asiyepata mtoto asisimangwe kwa ajili ya vyombo vyake. Yeye na mumewe, wote wawili, waende wakapimwe. Lakini mama mwenye mimba mtilie uji wa moto katika bakuli la bati. Maji yaliyochemshwa yapoe kwanza, ndipo yatiwe dumuni. Na moto usiwashwe kwa nailoni: moshi wake una sumu, na anayeinama mafigani ni mama.

Jani la mgomba lipitishe juu ya moto kidogo. Litalainika, halitapasuka, na sufuria itafunikwa vizuri.