WANAFUNZI WA KUJITOLEA NA USHAURI KWA JUMUIYA ZA WANANCHI: MFANO WA PUGE

Jumuiya nyingi za wananchi, Unguja na Pemba na hata Tanzania Bara, huanzishwa kwa nia njema na huanguka kwa sababu ya daftari. Wanachama wanaijua vyema shida wanayotaka kuiondoa, lakini hapana anayejua kwa uhakika fedha zimeingia kiasi gani, zimetoka kiasi gani na zilizobaki ni za kazi ipi. Mtaalamu wa hesabu au wa mipango hulipwa, na malipo yake mara nyingi huuzidi mfuko wa jumuiya nzima. Ni katika pengo hilo ndipo wanafunzi wa vyuo wanaojitolea wanapoweza kusaidia. Makala haya yanaeleza msaada huo ni wa namna gani, faida yake ni ipi, na mipaka ambayo wananchi na watumishi wa Serikali hawana budi kuilinda.

MAANA YA USHAURI WA KUJITOLEA

Ushauri wa kujitolea ni kazi ya muda maalumu inayofanywa na kundi dogo la wanafunzi kwa ajili ya jumuiya au kikundi kisichotafuta faida. Wanafunzi hawalipwi, wala hawaleti fedha. Wanachokileta ni elimu waliyoipata chuoni: kuweka hesabu, kupanga kumbukumbu, kupima gharama, kuandika maombi au kupitia katiba ya kikundi. Inafaa kazi yao isimamiwe na mwalimu, iwe na swali moja linaloeleweka, na imalizike kwa maelezo ambayo kikundi kinaweza kuyasoma na kuyatumia.

Utaratibu huu usichanganywe na mafunzo kwa vitendo. Katika mafunzo kwa vitendo mwanafunzi hupelekwa kazini ili ajifunze, naye hupewa alama. Katika ushauri wa kujitolea anayetakiwa kunufaika kwanza ni kikundi.

Duniani mpango huu umekwishaenea. Shirika la 180 Degrees Consulting, kwa mfano, lilianzishwa mwaka 2007 huko Sydney, Australia, na kazi yake ni kuwakusanya wanafunzi wa vyuo vikuu ili wazishauri asasi za kijamii. Hata hivyo, suala la wasomi kuwatumikia wananchi si geni nchini.

KULAZIMISHWA NA KUJITOLEA

Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambayo yaliwataka watumike kwa sehemu tu ya mshahara baada ya kumaliza masomo. Rais Julius Nyerere aliwarejesha makwao karibu wanafunzi 400, naye akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaweka kanuni ya kazi kwanza: kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa afanye kazi kabla ya kuingia Chuo Kikuu.

Hatua hizo zilikuwa na shabaha moja, nayo ni kumzuia msomi asijitenge na wakulima na wafanyakazi ambao jasho lao ndilo lililomsomesha. Tofauti yake na utaratibu unaoelezwa hapa ni kwamba zile zilikuwa amri, na huu ni hiari. Hiari ina uzuri wake, lakini pia ina hatari yake: aliyekuja kwa hiari anaweza kuondoka kwa hiari, na kazi ikabaki nusu.

KWA NINI PUGE

Ili jambo hili lifahamike, uchukuliwe mfano wa Puge, katika Wilaya ya Nzega, Mkoa wa Tabora. Puge iko kwenye barabara iendayo Nzega kutoka Tabora mjini, katika nchi ya Wanyamwezi. Ni mbali na Zanzibar kwa safari, lakini si mbali kwa historia. Njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani ya Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, na kuendelea hadi Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi bara na nguo na shanga, kila mmoja na mzigo wa takriban kilo 30. Katika karne ya 20 Wanyamwezi wengine walivuka bahari kuja kupalilia mikarafuu, na baadhi yao wakafanya maskani visiwani.

Aidha, Puge inafaa kuwa mfano kwa kuwa inafanana na shehia nyingi za mashamba. Wananchi wake ni wakulima na wafugaji, na hawana kampuni za ushauri mlangoni. Lakini Tabora mjini kuna vyuo, kikiwamo Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wengi bado wanakikumbuka kwa jina lake la zamani, Chuo cha Uhazili. Kijana anayefundishwa kutunza majalada na kumbukumbu anao ujuzi ambao kikundi cha kijiji kinauhitaji sana.

HESABU YA MPUNGA

Kikundi kinachoelezwa hapa ni cha kufikirika, na bei zilizotajwa ni za mfano tu; hata hivyo, hesabu zake ni za aina inayotokea kila mwaka. Kikundi hicho kinanunua mpunga kutoka majaruba ya wanachama wakati wa mavuno, kinauweka ghalani miezi 5, kisha kinauuza bei inapopanda. Faida hununulia madaftari na sare za watoto yatima wa kijiji.

Kikundi kimenunua gunia 60 kwa shilingi 70,000 kila moja, yaani shilingi 4,200,000. Kinatarajia kuuza kwa shilingi 90,000, yaani shilingi 5,400,000. Mweka hazina anautangazia mkutano faida ya shilingi 1,200,000, na mkutano unapitisha majina ya watoto watakaosaidiwa.

Wanafunzi wanapofika, hawaanzi kwa kutoa ushauri. Wanaanza kwa kuuliza: mpunga huu umegharimu nini tangu siku uliponunuliwa? Majibu yanaandikwa ubaoni mbele ya wanachama wote. Kodi ya ghala ni shilingi 40,000 kwa mwezi, jumla 200,000. Magunia mapya ni 120,000. Kupakia na kusafirisha ni 180,000. Kikundi kilikopa shilingi 2,000,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, hivyo riba ya miezi 5 ni 300,000. Mwisho, panya na unyevu vimepunguza gunia 3, ambazo kwa bei ya kuuzia ni shilingi 270,000. Gharama zote zinafika shilingi 1,070,000. Faida halisi si 1,200,000. Ni shilingi 130,000.

Tena bei ikishuka kidogo tu, hadi shilingi 87,000 kwa gunia, kikundi kitapata hasara ya shilingi 41,000. Watoto waliokwisha kutajwa majina mkutanoni hawatapata kitu, na deni litabaki kwa wanachama.

Hapa ndipo thamani ya ushauri inapoonekana. Hakuna hesabu ngumu iliyofanywa. Ni kujumlisha na kutoa. Lililofanyika ni kuziweka gharama zote mahali pamoja, mbele ya kila mwenye haki ya kuzijua.

NANI ANAONGOZA NJIA

Wanafunzi wanaweza kushauri kwamba kikundi kisikope, bali kinunue gunia chache kwa fedha zake chenyewe. Ushauri huo una hoja. Lakini mzee mmoja wa kikundi anaweza kusema kwamba mkopo hauchukuliwi kwa ajili ya faida peke yake. Mwanachama asiponunuliwa mpunga wake wakati wa mavuno, atauuza kwa mchuuzi kwa bei ya kutupa, kwa kuwa ana deni la pembejeo na hawezi kungoja. Jambo hilo halimo katika hesabu ya ubaoni, nalo ni kweli vilevile. Huenda uamuzi mwema ukawa ni kuendelea kukopa, lakini kutafuta riba nafuu, kuziba matundu ya ghala, na kutotangaza msaada kabla ya mpunga kuuzwa.

Katika misafara ya zamani aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Aghalabu alikuwa mpagazi miongoni mwa wapagazi, aliyekubaliwa na wenzake kwa kuwa aliijua njia, maji yalipo na desturi za nchi zilizopitwa. Mwanafunzi anayeshauri si kirangozi wa kikundi. Akikosea, yeye hurudi chuoni akaendelea na masomo; kikundi kikikosea, hupoteza mtaji. Hivyo basi, uamuzi hauna budi kubaki kwa wale watakaoubeba mzigo wake.

MAMBO YA KUZINGATIWA

Kwa kuzingatia maelezo hayo, jumuiya inayotaka kuwapokea wanafunzi wa kujitolea inashauriwa kutazama mambo yafuatayo:

(i) Swali litoke kwa wanachama. Kikundi kikutane kabla ya wageni kufika na kiandike jambo moja linalokisumbua. Maneno kama "mje mtusaidie" si swali.

(ii) Makubaliano yaandikwe. Yaoneshe kazi itaanza lini na kumalizika lini, nani anaisimamia kutoka chuoni, na nani atawapokea wanafunzi kwa upande wa kikundi.

(iii) Siri za watu zilindwe. Majina ya yatima, wagonjwa na wenye madeni hayatoki kijijini kwa sababu mwanafunzi anaandika ripoti. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na heshima ya mtu ilikuwapo kabla ya sheria hiyo.

(iv) Ripoti iwe kwa Kiswahili na isomwe mkutanoni. Ripoti nzuri ambayo mweka hazina hawezi kuisoma ni mali ya chuo, si mali ya kikundi.

(v) Ujuzi ubaki. Kabla ya wanafunzi kuondoka, wanachama wasiopungua wawili waweze kuijaza daftari wenyewe, huku wanafunzi wakitazama tu.

(vi) Fedha zisipite mikononi mwa wanafunzi, wala wasitie saini za benki. Wao ni washauri.

Kwa upande wa watumishi wa Serikali, Masheha na Maofisa Maendeleo ya Jamii wako mahali pazuri pa kuunganisha vyuo na vikundi, kwani wanavijua vikundi vilivyo hai na vile vilivyobaki jina. Visiwani kipo Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza kufundisha mwaka 2001. Ofisa anayepokea barua ya wanafunzi asiishie kugonga muhuri; aulize swali la kikundi ni lipi na nani atalijibu baada ya wageni kuondoka.

Kipimo cha utaratibu huu ni chepesi. Mwaka mmoja baada ya wanafunzi kurudi chuoni, mtu aende katika kikundi na aombe kuoneshwa daftari. Ikiwa kurasa zimejazwa hadi mwezi huo, na mwanachama wa kawaida anaweza kueleza zile shilingi 130,000 zilipatikanaje, basi ushauri ulifika. Ikiwa kurasa zinaishia siku ile wageni walipopanda gari, basi kilichopokewa kijijini kilikuwa ni ziara tu.