Kabla ya kununua mashine, hesabu mikato

Bodi za simenti za dari zimeshafika nyumbani, fundi anakuja Jumamosi, na pesa iliyobaki ni kidogo. Usikimbilie mashine. Hesabu kwanza utakata mara ngapi.

Kisu cha kukwaruzia ndicho cha bei ya chini, na hakingoji umeme wa shirika la SNEL. Chukua chenye ncha ya kabaidi. Wembe wa kawaida unapoteza makali upesi. Laza rula ya chuma, pitisha kisu mara tano au sita palepale mpaka mfereji uonekane. Sogeza bodi, mstari ukae ukingoni mwa meza, kisha kandamiza: inakatika kwa mlio mmoja. Kwa bodi ya milimita 6 kinatosha. Tundu la taa hakiliwezi.

Msumeno wa mkono unakata pembe, lakini simenti inakula meno yake. Tumia wa zamani; ule mzuri wa mbao uache kabatini.

Grainda, ambayo mafundi wetu wanaiita meuleuse, inakata haraka na hata bodi nene. Ila bei ya dukani ni mwanzo tu. Ongeza diski ya almasi, miwani, barakoa, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika. Diski rahisi ya kukatia mawe inaisha mapema, unarudi dukani. Ukikodi, uliza kabla: dhamana ni kiasi gani, na diski ikiisha analipa nani? Muuzaji akitaja dola, uliza anahesabu faranga kwa kiwango gani.

Kutoka hapa Likasi kufuata diski moja Lubumbashi, kilomita kama 120, ni hasara: nauli inameza punguzo la bei ya huko.

Barakoa si ya kupunguzia gharama. Vumbi la simenti lina silika, nayo inaharibu mapafu moja kwa moja. Kitambaa hakizuii, nunua angalau ya FFP2. Katia nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali. Mabamba ya zamani ya enzi ya Jadotville, jina la Likasi wakati wa ukoloni, yanaweza kuwa na asbesto, na jicho haliwezi kutambua. Hayo usiyakate kabisa.

Chumba kimoja: kisu na barakoa. Nyumba nzima au matundu mengi: kodi grainda siku moja, ukiwa umeshapima na kuchora mistari yote. Kununua kunalipa kama utawakatia na majirani kwa malipo.